Gati la kizamani: mawe na chokaa, zege, au la kuelea?

Maji yakijaa huoni kitu. Unaona mwanzo wa gati, unaona na ncha yake kule mbele ambako watoto huruka kuogelea, katikati ni bahari tu. Yakipwa ndipo aibu inapojitokeza. Mawe yamelala kwenye tope, chokaa imeliwa, na akina mama wachuuzi wa samaki wanapita pembeni, khanga zimefungwa juu ya magoti, ndoo kichwani, wakipapasa kwa miguu pa kukanyaga. Hili ni gati la mtaa mmoja kwenye Ghuba ya Mikindani, lakini mtu wa Lindi au wa Kilwa Kivinje akisoma atadhani nasema la kwao.

Nimekaa kwenye kamati ya kuchangia gati hilo misimu mitatu ya korosho, na kila kikao kinarudi kwenye mvutano uleule. Wazee wanataka lirudi kama lilivyokuwa. Vijana wa boti wanataka zege. Kuna na kundi la tatu, dogo lakini lenye hoja, linalosema la zamani liachwe lipumzike na pembeni liwekwe la kuelea. Naandika ulinganisho huu kwa kamati zilizokwama hapohapo tulipokwama sisi.

Tukumbuke tu kwamba magati haya hayakufa kwa uzembe wa watu wa mwambao. Mikindani ilikuwa bandari kubwa enzi za majahazi. Ndiko Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga Boma pale mwaka 1895. Kisha ukaja mradi wa karanga wa Waingereza, na pamoja nao bandari ya kina kirefu Mtwara mjini, iliyokamilika mwaka 1954. Mizigo ikahama. Abiria nao wakahamia kwenye mabasi, hasa baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003. Gati lisilo na mzigo wala abiria halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe haliwekewi hata kiraka.

Vipimo vya kulinganishia

Kabla hamjabishana kuhusu mawe na zege, kubalianeni mtapima kwa nini. Sisi tulipoteza mwaka mzima kwa kuruka hatua hii: mmoja alikuwa anapima uzuri, mwingine bei, mwingine kama boti yake ya fiba itafunga.

La kwanza ni watumiaji. Gati la diko, ambapo samaki wanashushwa alfajiri na kuondoka kwa bodaboda, si sawa na gati la wageni wa kupiga picha jioni, wala na gati la kupakia abiria. Hesabuni watu kwa siku saba, asubuhi na jioni. Msiulize nani angependa kulitumia, maana hapo kila mtu atanyoosha mkono.

La pili ni fedha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kamati nyingi zinapojikwaa. Watu huuliza kiasi. Wachache huuliza fedha zitaingia lini na kwa mkupuo gani. Kusini pesa ya watu ina msimu: minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo huwafikia wakulima kuelekea mwisho wa mwaka. Ndipo mtu anapoweza kuchangia bila kununa. Sasa tazama bahari. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Zikiisha, upepo wa kusi unakaza na maji yanachafuka mpaka Agosti. Kazi ya gati inafanyika vizuri wakati wa demani, Septemba hadi Novemba, pepo zikiwa zimelegea na mvua haijaanza. Maana yake shilingi iliyochangwa Desemba itasubiri miezi tisa kabla ya kuguswa. Miezi tisa! Hapo ndipo maneno yanapoanza, nani kala, nani kanunua pikipiki. Kwa hiyo swali la kuuliza kila njia ya ukarabati ni hili: pesa yetu inayokuja kidogokidogo inaweza kugeuzwa kitu kisichooza wakati inasubiri?

La tatu ni mafundi na vifaa: nani yupo, na akifa nani anabaki. La nne ni bahari yenyewe, chumvi na mawimbi, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambayo kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. La tano ni vibali pamoja na historia, kwa kuwa hivi viwili huenda ofisi zilezile.

Na kabla ya yote chukueni nyundo. Sisi tulimwita fundi mmoja mzee, mtu wa majahazi na kuta za chokaa, aje wakati maji yamekupwa. Tulitarajia tepu na daftari. Akaja na nyundo ndogo na msumari wa nchi nne. Akatembea juu ya kipande kilichobaki akigonga kila hatua, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mlango. Ko, ko, ko. Alipofika mahali palipozibwa kwa saruji miaka ya nyuma, mlio ukageuka, ukawa mzito, bu.

"Babu, hapo si ndipo pazima?" nikamwuliza. "Pameshazibwa."

Hakunijibu. Akachomeka msumari ukingoni mwa kiraka, akakitikisa, kikatoka kizima kama gamba la kidonda. Nyuma yake hapakuwa na chokaa tena. Palikuwa na mchanga mkavu uliomwagika mpaka mguuni, na kaa mmoja mdogo aliyekasirika.

"Mjukuu wangu, ukuta huu ulikuwa unapumua," akasema. "Mkauziba pua."

Alikuwa na maana hii: saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yakiingia nyuma yake kupitia ufa hayana pa kutokea, chumvi inajikusanya humo na kula chokaa laini na jiwe lenyewe. Basi nyundo ile ndiyo ripoti yenu ya kwanza. Mkijua ni mita ngapi zinalia "ko" na ngapi zinalia "bu", nusu ya ubishi itaisha.

Njia ya kwanza: mawe, chokaa na mbao

Fedha. Hii ndiyo njia inayoelewana na pesa ya msimu. Chokaa ikishazimwa kwa maji na kuwekwa kwenye shimo, ikafunikwa isikauke, haiharibiki. Inazidi kuiva, inakuwa laini kama siagi, na fundi ataipenda zaidi Septemba kuliko Desemba. Mawe nayo hayaozi. Pesa ya korosho inaweza kugeuzwa chokaa na mawe mwezi uleule, kila mtu akaviona kwa macho, na maneno yakapungua. Upande wa pili wa sarafu ni matengenezo. Kila mwaka kusi ikipita, lazima mtu apite na mwiko akijaza viungo vilivyoliwa. Kazi yenyewe ni ndogo, siku chache tu, lakini haiishi maisha. Mtaa usioweza kuitana siku nne kwa mwaka usianze njia hii.

Mafundi na vifaa. Mafundi wa chokaa wengi ni wazee, na hilo linatisha. Mkiwaajiri, wawekeeni vijana wawili wa kujifunza na muwalipe, vinginevyo mnanunua gati la miaka kumi. Mawe mengi mnayo tayari, yamelala kwenye tope chini ya gati. Yapigeni picha yalipo, yaandikeni namba kwa rangi, ndipo muyatoe. Mhandisi pia anahitajika, msidanganyike kwamba kazi ya asili haina hatari. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilianguka ikiwa kwenye ukarabati, Desemba 25, 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la kizamani ukitoa jiwe moja, hujui limebeba nini.

Chokaa itoke wapi ni swali zito kwetu. Ghuba ya Mikindani imeumizwa sana na uchimbaji wa matumbawe ya kuchoma chokaa. Kuchimba matumbawe hai ni kosa, na hata lisingekuwa kosa, kuchoma mwamba unaotuvunjia mawimbi ili kukarabati gati linalopigwa na mawimbi hayohayo ni kichekesho. Tumieni jiwe la chokaa la nchi kavu, na mdaini risiti. Mbao vivyo hivyo. Mkongo ni mti wa kutegemewa kwa sakafu, na Lindi kuna vijiji vinavyovuna misitu yao kihalali. Baadhi ya vijiji vya Kilwa viliingia kwenye cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu tangu mwaka 2009. Boriti za mikoko msizichukulie kama za bure, mikoko ni hifadhi ya serikali na inavunwa kwa kibali.

Bahari. Hapa ndipo udhaifu ulipo. Chokaa ya kawaida hukauka kwa kunywa hewa, haigandi ikiwa ndani ya maji. Kwa sehemu zinazofunikwa kila siku lazima ichanganywe na unga wa matofali ya kuchoma ili igande penye unyevu, na kazi ya chini kabisa inafanyika siku za bamvua, maji yakienda mbali, kwa saa mbili au tatu tu kabla hayajarudi. Nguzo za mbao nazo zina adui, wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao mpaka inakuwa kama sega la nyuki. Jahazi hupandishwa pwani, likachomwa kwa makuti chini ya tumbo na kupakwa deheni, mafuta ya kukinga mbao. Nguzo ya gati nani ataipandisha pwani? Kwa hiyo mbao iwe juu, kwenye sakafu. Chini kuwe mawe.

Vibali na historia. Wengi hudhani kila kilichojengwa na Mjerumani kinalindwa na sheria. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Gati la Wajerumani, waliofika pwani hii miaka ya 1880, linahitaji kutangazwa na waziri kwanza. Hata hivyo wapelekeeni barua watu wa Mambo ya Kale mapema. Njia hii ndiyo inayowapendeza, na ushauri wao unasaidia mkienda kwa wafadhili.

Linamfaa nani. Mtaa wenye fedha za polepole na wazee wa kazi ambao bado wana nguvu, na ambao gati lao nusu au zaidi bado linalia "ko". Watumiaji wake ni waenda kwa miguu na vyombo vidogo, mashua na ngalawa.

Njia ya pili: zege na nondo

Fedha. Zege linataka pesa yote mezani. Huwezi kumwaga nusu ya boriti ukangoja mnada ujao. Chukueni mfano wa sakafu tu: urefu mita 30, upana mita 3, unene sentimita 20. Hiyo ni mita za ujazo 18. Kwa zege la baharini wekeni mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, mnapata mifuko 144, na bado hamjagusa nguzo, boriti, nondo, kokoto, mbao za fomu wala mafuta ya mashine. Zidisheni kwa bei ya dukani kwenu siku hiyo. Faraja ni kwamba saruji haitoki mbali tena tangu kiwanda cha Dangote kianze Mtwara mwaka 2015.

Lakini saruji haijui kusubiri. Mwaka wetu wa kwanza tulinunua mifuko 40 mapema ili pesa isilale, tukaiweka stoo karibu na ufuko. Hewa ya pwani haina adabu. Tulipoifungua mwezi wa tisa, mifuko ya chini ilikuwa imeshika umbo la mfuko, ukiigonga inalia kama jiwe. Tuliitumia kutengeneza ngazi ya ofisi ya mtaa, na mpaka leo watu wakipanda wanacheka. Kosa ni letu, hatukumsingizia mtu.

Mafundi na vifaa. Kila mtaa una fundi wa zege, na ndio mtego wenyewe, kwa sababu fundi wa nyumba si fundi wa bahari. Nyumbani nondo ikifunikwa kwa zege la sentimita mbili na nusu, maisha yanaendelea. Baharini zinatakiwa sentimita tano au zaidi. Mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi ndani yake. Maji ya kuchanganyia yawe baridi, yaani yasiyo na chumvi, si ya kisima kilichoingiliwa na bahari. Zege limwagiliwe kwa maji hayo siku saba kwa uchache. Kama hamna mtu wa kusimama pale siku zote saba na kukataa njia za mkato hata fundi akiwa shemeji yake, acheni.

Bahari. Zege likifanywa sawasawa lina nguvu kuliko njia nyingine mbili. Tusisahau bahari ya huku si ya kuchezea. Kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952 na watu wakafa. Kenneth ya 2019 ilitupita ikaingia Msumbiji baada ya Mtwara kuhamisha watu. Hidaya ya Mei 2024 ikakata barabara ya Dar es Salaam. Uzito una thamani siku kama hizo. Likifanywa vibaya, chumvi hupenya mpaka kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba kuliko chuma kilichokuwepo, na zege linapasuka kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni michirizi ya kahawia kwenye boriti. Ukiiona, ujue ndani kumeshaharibika, na kulirekebisha zege la namna hiyo ni ghali kuliko kujaza viungo vya chokaa miaka mingi. Pia angalieni lisije likawa ukuta mzima usiopitisha maji. Mchanga wa pwani unatembea kufuata pepo. Ukiuzuia, upande mmoja utajaa na upande wa pili utaliwa, na ngalawa za watu zitakosa pa kulala. Nguzo zenye nafasi ni bora.

Vibali na historia. Huu ndio mlima mrefu kuliko yote. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni, kwa hiyo ujenzi mpya lazima upite NEMC, baraza la taifa la mazingira, na tathmini yake. Mkipakia mizigo au abiria, mamlaka ya bandari itataka kujua kama mnafungua bandari bubu. Waendeeni wao kabla hawajawajia nyinyi. Na kwa historia, lililomwagwa halizoleki. Zege likishafunika jiwe la kale, hakuna atakayelirudisha.

Linamfaa nani. Diko lenye kazi nyingi kila siku, boti za mashine na mizigo ya barafu, pale ambapo halmashauri au mfadhili ameweka fedha zote kwa mkupuo mmoja na mhandisi wake yupo. Pia pale ambapo la zamani limebaki historia tu, hakuna jiwe juu ya jiwe.

Njia ya tatu: la zamani lipumzike, la kuelea pembeni

Nitaisema kwa ufupi kiasi, si kwa kuidharau. Yenyewe ni nyepesi.

Fedha. Vipande vya plastiki ngumu vya kuunganisha vinaagizwa, na vinaongezwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo navyo vinaelewana na pesa ya msimu. Wenye mkono mfupi hutumia mapipa ya lita 200 na fremu ya mbao. Pipa moja likizama lote linabeba karibu kilo 200. Mapipa 20 ni tani 4 kwenye karatasi, lakini hesabuni nusu yake, maana humo kuna uzito wa mbao na mnataka sakafu ibaki juu ya maji. Gharama iliyojificha ni minyororo, nanga na pingu zake, ambazo zinaliwa na chumvi na lazima mtu azamie kuzikagua.

Mafundi na vifaa. Vijana wa boti wanaweza kuifanya wakielekezwa vizuri. Kinachowashinda wengi ni daraja la kushukia. Maji yakishuka mita 3 na nusu na daraja lenu lina urefu wa mita 10, mteremko unakuwa wa nyuzi 20 hivi. Mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani, kandambili miguuni, hashuki hapo. Daraja la mita 20 linashusha mteremko hadi nyuzi 10, na hilo linatembeka. Bei yake sasa inaanza kufanana na ya gati.

Bahari. Ndani ya ghuba iliyojificha, sawa. Mahali palipofunguka kwa kusi, litavutwa nje miezi ile na kurudishwa demani, na hilo ni zuri kwa namna yake: kimbunga kikitangazwa mnalivuta mtoni au mikokoni. Pimeni pia kina maji yakikupwa kabisa, kwa sababu la kuelea likilala topeni mara mbili kila siku halikawii kupasuka.

Vibali na historia. Barua bado zinahitajika, ila mzigo ni mdogo kwa kuwa kinachowekwa kinaondoleka. Na kuliacha gati la kale lilale si kulitupa. Mnaimarisha mawe yanayotishia kuanguka, mnaondoa miti iliyoota kwenye nyufa, mnaweka kamba watu wasipande. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni magofu, yapo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na hakuna aliyesema yaezekwe upya ili yahesabike. Yalitunzwa yabaki magofu, mpaka mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Linamfaa nani. Mtaa unaohitaji pa kushukia mwaka huu huu, wenye maji yaliyotulia, au ambao bado haujakubaliana. Kwa njia hii watu wa Mambo ya Kale nao hulala bila wasiwasi.

Baada ya kukata utepe

Waingereza wana magati mengi ya starehe ya karne ya 19, na kampeni zao zina la kutufundisha sisi wenye magati ya kazi. Gati la Clevedon lilibomoka sehemu mwaka 1970 wakati wa kupimwa uzito; watu wa mji waligoma lisivunjwe, wakachangishana, na likafunguliwa tena mwaka 1989. Miaka 19. Gati la Hastings liliungua mwaka 2010. Watu zaidi ya 3,000 walinunua hisa, fedha nyingi zikatoka mfuko wa bahati nasibu, likafunguliwa mwaka 2016 na mwaka uliofuata likashinda tuzo kubwa ya usanifu. Mwezi mmoja baada ya tuzo, shirika lake likashindwa kulipa madeni, na mwaka 2018 likauzwa kwa mtu binafsi. Fedha za kujenga zilipatikana. Za kuliendesha ndizo zilizokosekana.

Mfano wa karibu ni Boma la Mikindani. Lilikarabatiwa kwa msaada wa shirika la Uingereza, likageuzwa hoteli, kwa hiyo kitanda kikawa kinalipia paa. Gati halina vitanda. Linaweza kuwa na ushuru mdogo wa kila chombo unaosimamiwa na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuko, au meza za wauza pweza wanaolipa kwa mwezi. Chochote mtakachochagua, kiandikwe kabla ya jiwe la kwanza, na hesabu isomwe kwa sauti kwenye mkutano wa hadhara. Kuibandika tu kwenye mlango wa ofisi hakutoshi.

Ukiwa hapa, anzia pale

Kama pesa yenu ni ya msimu wa korosho na hakuna mfadhili, anzeni na chokaa na mawe, au la kuelea kwa vipande. Zege liwekeni pembeni mpaka mtakapokuwa na fedha yote benki, si ahadi.

Kama mfadhili amekuja na fedha zote ila anataka zimalizike ndani ya mwaka mmoja, njia ya kwanza itawatesa, kwa sababu chokaa haikimbizwi. Ombeni muda, au gawaneni naye: yeye alipie sehemu ya zege mahali ambapo kale haipo tena, nyinyi mkarabati mawe polepole.

Kama diko lenu linashusha samaki kwa tani na boti ni za mashine, msiwalazimishe wavuvi kutembea juu ya kumbukumbu. Jengeni la kazi pembeni, la zamani liacheni litunzwe.

Kama gati limekaa mdomoni mwa ghuba, wazi kwa kusi, futeni la kuelea mapema. Kama limejificha nyuma ya mikoko na maji yake hayakauki, la kuelea lipeni nafasi ya kwanza, mkapime kina.

Na kama nyundo ililia "bu" kutoka mwanzo mpaka mwisho, mwiteni mhandisi kabla ya kumwita mchangiaji.

Sisi kwa sasa tuna mashimo mawili ya chokaa nyuma ya ofisi ya mtaa, yamefunikwa kwa mabati na mawe juu yake ili mbuzi wasitumbukie. Fundi wetu huja Ijumaa baada ya swala, anafunua kidogo, anachovya kijiti, anakitazama, anafunika tena. Hoja ya vijana kuhusu zege kwa ile ncha ya mbele haijafa. Imewekwa kwenye ajenda ya kikao cha baada ya Idi.